Usinilazimishe: Historia ya Maumivu, Milima ya Mbooni na Dakika Tano za Kutembea

Kama umewahi kuambiwa "wewe fanya tu mazoezi, utakuwa sawa" na ukatamani kumrushia mtu kiatu, posti hii ni yako. Na kama wewe ndiye huwaambia watu hivyo, ni yako zaidi. Soma mpaka mwisho kabla ya kunijia.

Mimi nina fibromialjia. Kwa lugha ya kawaida: mwili wote unauma, miezi nenda miezi rudi. Leo mabega, kesho mapaja, siku nyingine hata ngozi ikiguswa na shati. Unalala saa tisa nzima halafu unaamka kama mtu aliyepakua lori la simiti usiku kucha. Kichwa nacho kinaingia ukungu, unaanza sentensi na unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Sijavimba popote. Sina kidonda. Ukikutana na mimi hapa Kitui mjini nimejipodoa utasema huyu msichana yuko fiti kabisa. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya hii kitu, na kuna watu wa kwetu ambao mpaka leo wanaamini niliacha kwa sababu ya uvivu.

Lakini sikuja kuomba huruma. Nimekuja na historia. Mwaka huu nimekuwa nikijaribu kurudi kwa mazoezi, na katika kuhangaika kuelewa kwa nini jaribio la kwanza liliniangusha na la pili linashika, nilijipata nasoma hadithi mbili ambazo sikudhani zinahusiana. Moja ni ya madaktari waliobishana miaka zaidi ya 80 kuhusu watu kama mimi. Nyingine ni ya milima ya Mbooni, kule Makueni, nyumbani kwa susu yangu. Zote mbili zinaishia mahali pamoja, na hapo ndipo nataka nikufikishe.

Ugonjwa usio na jina la nyumbani

Tuanze na jina, maana huku kwetu shida huanzia hapo. Ukienda zahanati Ukambani useme mwili unauma, kuna majibu matatu yanakungoja mlangoni: malaria, taifodi, brusela. Mimi nilitibiwa zote tatu, brusela mara mbili. Nilimeza antibayotiki mpaka tumbo likakataa chakula, na maumivu yalibaki pale pale.

Sisemi brusela haipo. Ipo, sisi ni wafugaji na maziwa tunakunywa. Lakini mwaka 2017 kulichapishwa utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, ukaonyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika katika vituo vyetu vingi vya afya kilikuwa kinawapata na ugonjwa watu wengi ambao hawakuwa nao. Yaani mtu anatoka na karatasi imeandikwa jina la ugonjwa, anatibiwa, haponi, halafu anaonekana ni yeye hataki kupona.

Kinachoniuma ni kwamba ukanda wetu unajua sana kuyapa maumivu majina. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Ugonjwa huo ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, na jina linamaanisha kitu kinachomkunja mtu. Miaka michache baadaye, 1959, kaskazini mwa Uganda kukatokea homa nyingine ya kulegeza viungo, Waacholi wakaiita o'nyong-nyong. Madaktari wa dunia nzima wanatumia majina hayo mpaka leo. Mkulima alisema mwili wangu unakunjika, na daktari akaandika hivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba magonjwa hayo mawili yana virusi. Unaweza kuvitoa kwa damu ukamwonyesha mtu. Fibromialjia haina kitu cha kuonyesha, na historia yake yote ni historia ya watu kuambiwa: onyesha basi.

Miaka 80 ya kuambiwa uko sawa

Mwaka 1904 daktari Mwingereza, William Gowers, alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya mgongo. Aliamini nyuzi za misuli zimevimba, akaunda jina "fibrositisi". Dawa moja aliyopendekeza ilikuwa sindano za kokeini. Ndiyo, kokeini. Baadaye watu walikata vipande vya misuli wakavitazama kwa darubini na uvimbe hawakuuona.

Hapo mambo yakaharibika zaidi. Kama hakuna uvimbe, basi ni kichwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wengi walikuja hospitalini na maumivu ya mwili mzima, na mwaka 1943 madaktari wa jeshi la Marekani wakachapisha makala wakiyaita baridi yabisi inayotokana na akili. Mwanajeshi anasema naumia, mkubwa wake anasikia sitaki kazi. Unaona vile hiyo sentensi imesafiri mbali mpaka ikafika kwetu sebuleni?

Neno fibromialjia lilianza kutumika mwaka 1976. Mwaka 1981 daktari mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa akifanya kazi Illinois, Muhammad Yunus, na wenzake walifanya jambo ambalo ungedhani lingefanywa zamani: wakawaweka wagonjwa hawa kando ya watu wazima wa afya na kulinganisha dalili zao kwa utaratibu. Mwaka 1990 Chuo cha Marekani cha madaktari wa viungo kikaweka kanuni: maumivu yaliyosambaa mwilini kwa angalau miezi mitatu, na sehemu 11 kati ya 18 zinazouma zikibonyezwa. Mwaka 2010 kanuni ikabadilishwa, wakaacha kutegemea kubonyeza na kuanza kuhesabu pia uchovu, usingizi mbaya na ule ukungu wa kichwa.

Na mwaka 2002 ukaja utafiti ambao nilipousoma nililia, si utani. Watu 16 wenye fibromialjia na 16 wasio nayo waliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakabonyezwa ukucha wa kidole gumba. Wenye fibromialjia walibonyezwa kidogo tu, karibu nusu ya nguvu waliyobonyezwa wenzao, na sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zikawaka kwa namna iliyofanana sana. Wenzao walipobonyezwa kwa nguvu hiyo hiyo ndogo, hakukuwaka hivyo. Kwa hiyo si kwamba tunaigiza. Ni kama redio ambayo kitufe cha sauti kimekwama juu. Stesheni ni ile ile yako, ila kwetu inapiga kelele.

Basi mazoezi yaliingilia wapi?

Katikati ya miaka ya 1970 huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake walichukua vijana wenye afya wakawa wanawavuruga usingizi mzito usiku. Baada ya muda vijana hao wakaanza kuumwa mwili na kuchoka, kama sisi. Lakini kulikuwa na wachache waliokuwa na mazoea ya kukimbia masafa marefu, na hao dalili hazikuwashika hivyo. Swali likazaliwa: kumbe mwili uliozoea kutembezwa una kinga fulani?

Mwaka 1988, hapo hapo Kanada, Glenn McCain na wenzake wakalijaribu. Wagonjwa 42, wiki 20. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, lingine mazoezi ya kunyoosha viungo peke yake. Kundi la kwanza lilitoka na mwili ulioweza kuvumilia kubonyezwa zaidi, na wenyewe walijiona nafuu kuliko wenzao. Hawakupona. Walipata nafuu. Shika tofauti hiyo.

Tafiti zikafuatana. Mwaka 2017 EULAR, muungano wa Ulaya unaoshughulika na magonjwa ya viungo, ulichapisha mapendekezo baada ya kupitia ushahidi wote: vidonge, sindano, masaji, kila kitu. Tiba moja tu ndiyo ilipata pendekezo la nguvu. Mazoezi.

Kwa hiyo yule anayekuambia "fanya mazoezi" hajakosea. Na hilo ndilo linakera zaidi. Amebeba ukweli lakini ameubeba vibaya, kama mtu anayekupa dawa ya kweli na kukwambia umeze chupa nzima leo.

Nilimeza chupa nzima. Januari nilianza shindano la siku 30 la hapa mtandaoni: skwoti, kuruka, tumbo, kila siku unaongeza. Sekondari nilikuwa mchezaji wa handiboli, nikasema mwili utakumbuka. Siku ya kwanza nilijirekodi, nikacheka. Siku ya pili nilifanya nikiuma meno. Siku ya nne sikuweza kuinua kikombe. Nililala siku tisa, na mama ndiye alikuwa ananifunga vifungo vya nguo. Nilifuta zile klipu zote. Nikasema mazoezi na mimi, basi.

Mlima nyuma ya nyumba ya susu

Aprili nikapelekwa Mbooni nikapumzike kwa susu. Hapo ndipo historia ya pili ilinipata, nikiwa nimeketi kwa stuli, natazama shamba.

Kama hujawahi kufika Mbooni, ni milima. Na milima hiyo imekatwa ngazi kutoka juu mpaka chini, tuta juu ya tuta, mahindi na maharagwe yamekaa kama watu kwenye viti vya uwanja. Nilikua nikidhani Mungu aliumba hivyo. Susu akanicheka. Akaniuliza, "Unadhani hizi ngazi zilichimbwa na nani?"

Miaka ya 1930 wazungu walikuwa wakiandika kuhusu Ukambani kama mahali panapokufa. Udongo ulikuwa unaondoka na kila mvua, mifereji ya mmomonyoko inameza mashamba. Walichosahau kuandika kwa herufi kubwa ni kwamba watu na ng'ombe walikuwa wamebanwa ndani ya mpaka wa rizavu, huku ardhi nzuri kama vilima vya Mua ikiwa imepewa masetla. Mgonjwa amekabwa shingo, halafu anaulizwa kwa nini hapumui vizuri.

Dawa ya serikali ilikuwa amri. Kwanza ng'ombe: mwaka 1938 wakaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu ili kupunguza mifugo. Wakamba wakakataa. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu mpaka Nairobi kudai kumwona Gavana, na wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka kuisha serikali ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Ile Muindi Mbingu Street unayopita ukienda City Market ni jina la huyo mzee.

Halafu ikaja mitaro. Watu waliamriwa kwenda kuchimba matuta ya kuzuia udongo, chifu anasimamia, usipokuja unaadhibiwa. Mama yake susu alikuwa mmoja wao. Susu anasema mama yake alikuwa akirudi jioni mgongo umekauka, na kesho yake amri ni ile ile, uwe mgonjwa uwe mzima. Kazi yenyewe haikuwa mbaya, mitaro ilihitajika kweli. Lakini watu waliichukia kwa moyo wote, na kazi inayochukiwa hufanywa ya kuonekana tu. Mvua ikija inaibomoa.

Miaka ya 1950 kitu kikabadilika. Badala ya vikundi vya chifu, watu walirudia mwethya. Kama wewe si Mkamba: mwethya ni desturi ya zamani ya majirani kusaidiana kazi. Una nyumba ya kujenga ama shamba la kulima, unawaita, wanakuja, unawalisha, kesho ni zamu ya mwingine. Vikundi vya mwethya vilichagua viongozi wao wenyewe na shamba la kuanzia. Na tuta likabadilika pia, watu wakashika lile linaloitwa fanya juu.

Hilo jina limeandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili kwenye vitabu vya kilimo duniani kote. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini. Ni kazi nzito kidogo kuliko kutupa chini. Ukimaliza huoni ngazi, unaona mtaro na kikuta kidogo cha udongo. Unapanda nyasi juu yake ili kishike, na unaondoka. Ngazi inatengenezwa na mvua yenyewe. Kila msimu maji yanaleta udongo, kikuta kinauzuia, unakaa. Msimu baada ya msimu mteremko unalala. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamka akasema leo nimemaliza.

Uhuru ulipokuja 1963, watu wengi waliacha. Kuchimba matuta kulinuka ukoloni. Mitaro ikajaa, kuta zikabomoka. Ninawaelewa kabisa, ndivyo nami nilifuta klipu zangu. Lakini miaka ya 1970, ukame ukipiga, watu wakarudi, na mara hii hapakuwa na askari. Serikali ilikuwa na mpango wa kuhifadhi udongo ulioanza 1974 kwa msaada wa Uswidi, lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya vikundi vya mwethya, na wengi wao wanawake. Susu alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alichimba akiwa na mtoto mgongoni, anasema, na siku mgongo ukikataa alipewa kazi ya kupanda nyasi ama kupika.

Hapo nikamsimamisha. "Kwa hiyo siku ukiumwa ulikuwa unaruhusiwa kukaa?"

"Kukaa kwa nini? Nilikuwa naenda. Ila nafanya ile mwili umekubali. Wangenifukuza wangepata nani wa kesho?"

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu eneo hili lote, iliyokuwa wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake mpaka 1992. Walipata kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno ya kila mtu yakapanda. Mahali palipoandikiwa kufa palikuwa pamepona kuliko palivyokuwa.

Kuzima mvua si kazi ya tuta

Sasa unaona nilikokuwa naenda. Jembe la lazima na jembe la mwethya ni jembe moja. Mlima ni mmoja. Hata mtaro unafanana ukiutazama kwa mbali. Tofauti ni nani anaamua kasi, na kinachotokea siku mwili ukikataa. Chini ya chifu, siku hiyo unaadhibiwa. Kwenye mwethya, siku hiyo unabadilishiwa kazi, na kesho bado wewe ni wao.

Lile shindano la siku 30 lilikuwa chifu wangu. Mbaya zaidi, chifu nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nauadhibu mwili kwa kuugua.

Na jambo la pili: tuta halizuii mvua kunyesha. Linaipunguza kasi tu, ili isiondoke na kila kitu. Nilikuwa nikitaka mazoezi yazime maumivu, na yasipozima naona yamefeli. Wale wagonjwa 42 wa Kanada hawakuzima maumivu. Walijenga kikuta.

Nilianza tena mwezi wa tano, hapo kwa susu, na dakika tano. Nilitembea kutoka mlangoni mpaka mwembe wa jirani na kurudi. Nilijisikia mjinga, mchezaji mzima wa handiboli natembea kama mzee wa kanisa. Nilirudia siku ya tatu, si ya pili. Sheria yangu ilikuwa moja, na niliandikiwa na mtaalamu wa fiziotherapia: siku nzuri nisizidishe, siku mbaya nisiache kabisa. Sehemu ngumu ni ile ya siku nzuri, niamini. Siku nzuri inakudanganya. Unajisikia umepona, unafua nguo zote, unatembea mpaka sokoni, unacheza ngoma, halafu wiki nzima unalipa.

Baada ya wiki mbili bila kulipuka, niliongeza dakika mbili. Mbili. Mwezi wa saba nilirudi Kitui na dakika kumi na mbili. Kuna mto wa msimu karibu na tunapoishi, umejengwa ukuta wa zege ndani yake, bwawa la mchanga. Kitui yako mamia, mengi yamejengwa na jamii pamoja na mashirika kama SASOL tangu miaka ya 1990. Ukuta unajengwa mto ukiwa mkavu, mafuriko yanaujazia mchanga, na maji yanakaa ndani ya mchanga hata jua liwake vipi. Nilifanya huo ukuta uwe mahali pangu pa kugeukia. Napumzika hapo, naangalia akina mama wakifukua mchanga wapate maji, naanza kurudi.

Na hao akina mama ndio wakawa mwethya yangu. Hatukupanga. Mmoja aliniuliza kwa nini napita pale kila baada ya siku moja bila mtungi. Nikamweleza. Akasema dada yake anaumwa vivyo hivyo na wamemwambia ni majini. Wiki iliyofuata alikuja na dada yake. Sasa tuko wanne, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, jua likipoa. Mmoja akiumwa, tunaenda kwa kasi yake. Akiumwa zaidi, tunaketi kwake tunakunywa chai, na hiyo tunaihesabu. Hakuna anayerekodi.

Leo niko dakika 25. Maumivu bado yapo, yapo hata sasa nikiandika, mkono wa kulia haswa. Lakini mwezi uliopita nilipata siku mbaya tatu, na Januari nilikuwa nazo karibu zote. Nalala kidogo afadhali. Nimeandika posti hii kwa siku nne, si kwa wiki tatu.

Kwa wewe unayetaka kumsaidia mtu

Usimwambie "fanya mazoezi". Mwambie "twende, mpaka wapi leo?" Halafu ukubali jibu, hata likiwa mpaka getini.

Na kwa wewe unayeumwa na hakuna anayekuamini: nenda upimwe vizuri kwanza, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanafanana na haya na yana dawa yake. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache Kenya na wengi wako Nairobi, najua, nauli ni nauli. Lakini ukipata jina, uliza kama hospitali ya kaunti yako ina mtu wa fiziotherapia, na ukimpata mwambie unataka kuanza chini kabisa. Akikupa ratiba ya kijeshi, mwambie polepole kwamba hiyo tulishaijaribu Ukambani.

Hapa Kitui tuna jiwe la Nzambani. Wanasema ukilizunguka mara saba unabadilika, mwanamume anakuwa mwanamke, mwanamke mwanamume. Mimi sitaki kubadilika, nataka tu kupanda zile ngazi za chuma mpaka juu nione mji. Nilizipanda nikiwa kidato cha pili, nikikimbia. Wiki jana nilienda na wale wenzangu watatu. Tulipanda ngazi kumi, tukahesabu kwa sauti. Mguu ukaanza kutetemeka, tukashuka, tukanunua ndizi barabarani.

Desemba narudi kujaribu kumi na tano. Wewe unaanza na ngapi?